Mjerumani na Nafsi Zake Saba

Kijana wa Kikwajuni, mjini Unguja, anayejifunza Kijerumani ili atembeze wageni hatishwi na yale maneno marefu ambayo watu huyacheka. Maneno marefu yana huruma, ukiyakata vipande yanakubali. Wala der, die na das hazimnyimi riziki, maana hata akikosea jinsia ya meza, mgeni atajua kuwa inasemwa meza. Kinachomkwamisha ni kineno cha silabi moja, sich, ambacho ukikiuliza maana yake hakina jibu, na ukikiacha sentensi nzima inachechemea.

Kwa Kiswahili kazi hiyo inafanywa na kiambishi kimoja. Nimejikata, umejikata, amejikata, tumejikata, mmejikata, wamejikata: mtu anabadilika mwanzoni mwa kitenzi, lakini -ji- imekaa pale pale, haishughuliki na nani kaingia nani katoka. Mjerumani kila nafsi anaipa neno lake. Ich wasche mich, nakoga mimi. Du wäschst dich, wakoga wewe. Er wäscht sich, anakoga yeye. Sisi ni uns, ninyi ni euch, wao ni sich tena. Sich ni ya nafsi ya tatu peke yake, pamoja na Sie, ile ya kumwambia mtu kwa heshima.

Hapo kijana anadhani kamaliza, kumbe bado. Mwili mzima ukioshwa ni mich, lakini mikono tu ikioshwa ni mir: ich wasche mir die Hände. Mikono ndiyo inayooshwa, na mimi ni mwenye kupata faida ya kuoshwa huko. Kwa hiyo nafsi ya kwanza ina maneno mawili, na ya pili nayo ina dich na dir. Ukihesabu yote unapata mich, mir, dich, dir, sich, uns na euch. Saba, kwa shughuli ambayo kwetu inatoshwa na herufi mbili.

Hiyo tofauti ya mich na mir sisi hatukuikosa, tumeiweka kwingine tu. Anayejiona na anayejinunulia wote wana -ji- ile ile, ila wa pili amepachika -li- upande wa mkiani mwa kitenzi. Nimejinunulia shati: Mjerumani atasema ich habe mir ein Hemd gekauft, na ile mir yake imegawanyika kwetu, nusu mbele ya mzizi, nusu nyuma yake. Mwanafunzi akilielewa hili mapema atapunguza safari ya kwenda kuuliza kila mara "hapa ni mich au mir?" Ajiulize tu kama kwa Kiswahili angesema kujipa, kujipikia, kujinunulia. Kanuni hii haifiki kila mahali, lakini inafika mbali.

Jingine ni pahala pa kukaa. -Ji- haiachani na mzizi wa kitenzi hata kwa bei gani. Sich inatembea. Er hat sich gestern in der Stadt mit seinem alten Lehrer getroffen, yaani jana amekutana mjini na mwalimu wake wa zamani, na kati ya sich na kitenzi chake yamepita maneno manane. Msikilizaji wa Unguja ameshasikia sich, anangojea kujua mtu kajifanya nini, huku akipitishwa jana, mjini, na kwa mwalimu mkongwe. Tena ukitazama vizuri, mtu huyo hakujifanya chochote. Amekutana na mwenzake. Kiswahili kingesema -ana, kukutana, kupendana, kuonana, wala kisingeigusa -ji-. Mjerumani anapakia vyote viwili kwenye sich. Sie lieben sich inaweza kuwa wanapendana na inaweza kuwa wanajipenda, na ukitaka kuondoa shaka kuna neno einander, ambalo mitaani hulisikii sana.

*

Wajerumani wenyewe Kikwajuni inawajua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Kiafrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na wahandisi, waganga na walimu kutoka huko wakaja. Majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na ya Kilimani ni kazi yao ya miaka hiyo ya sitini, kabla ya yale marefu zaidi ya Michenzani, na vijana wa hapa wakapelekwa kusoma kwao. Majumba yapo, yamepakwa rangi na kubambuka, wamezaliwa humo watu na wajukuu zao. Lugha haikukaa. Kijerumani kinachosemwa leo mjini ni cha watalii, kinarushwa Forodhani na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na papasi, vijana wanaowavizia wageni mitaani, ambao wengi wao hawakuingia darasani, na kwa kuwa wamejifunza kwa masikio, husema kama walivyosikia. Na hapo ndipo darasa na mtaa vinapogombana, kwa sababu mgeni wa Munich na mgeni wa Hamburg hawaitumii sich namna moja, wala hawafuati sana yale maneno saba ya kitabuni.

Mtu wa Unguja aliyeyapitia haya kwa mwili wake mzima ni Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, na mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Wakaoana Aden mwaka 1867, akabatizwa Emily, wakahamia Hamburg. Nyumbani mume na mke walikuwa wakizungumza Kiswahili. Mwaka 1870 mume akafa katika ajali ya tramu, na mjane akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaitafutia pa kuishika. Baadaye akahama Hamburg, akakaa Dresden, akakaa Rudolstadt, Berlin na Köln. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapwa kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924.

Orodha ya miji hiyo ni ramani nzuri ya sich. Hamburg ya wakati ule, hasa bandarini na sokoni, ilisema Kijerumani cha Chini, na huko neno ni sik. Lina historia ya ajabu kidogo. Kisaksoni cha kale, babu wa lahaja hizo za kaskazini, hakikuwa na neno la kujirejea kabisa. Mtu alisema kwa maana ya "amemwosha", na msikilizaji akajua mwenyewe kama aliyeoshwa ni yule yule au ni mwingine. Kiingereza cha kale kilikuwa hivyo hivyo, na Kifrisi cha Uholanzi kiko hivyo hata leo: hy wasket him, anamwosha, yaani anakoga. Sik iliingia baadaye kutoka kwa Wajerumani wa kusini, ikavalishwa k ya kaskazini ili ifanane na wenyeji.

Dresden na Rudolstadt ni Saksonia na Thuringia, ambako ile ch laini ya sich husogea ikakaribia sh yetu, ikasikika kama "sish". Kwa ulimi wa Mswahili hiyo ni nafuu kubwa, maana ch ya vitabuni inamtaka atoe pumzi pahala ambapo Kiswahili hakipiti. Wengi wa wanafunzi wetu husema "sish" bila kujua kuwa wanasema Kisaksoni cha Dresden. Mwalimu huwakosoa. Mimi ningewaacha.

Berlin ni habari nyingine. Mberlini wa zamani alichoka na hesabu ya mich na mir akaamua kuchagua moja: ick freu mir, nafurahi, pahala ambapo kitabu kinadai mich. Wajerumani wenyewe hutania kwamba mtu wa Berlin husema mir siku zote, hata anapopatia. Hapo ndipo walipofika walimu wa kwanza wa Kiswahili kutoka Unguja. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887 kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa makoloni, na iliwahitaji watu wa kusema Kiswahili kama kilivyo. Alikwenda Sleman bin Said, akafuatiwa na Amur bin Nasur mwaka 1891, ambaye maelezo yake ya maisha ya huko yalichapwa na Büttner, mwalimu mkuu wa Kiswahili wa seminari hiyo. Chukulia hali yao: darasani wanamfundisha Mjerumani kwamba -ji- ni moja kwa watu wote, wakitoka nje mwenye duka anawaambia mir, na kwenye kitabu chao cha Kijerumani imeandikwa mich.

*

Kusini zaidi mambo yanazidi kunoga. Bavaria na Austria zimehifadhi desturi ya kale kuliko kitabu chenyewe. Karne nyingi zilizopita sich ilikuwa na kazi moja tu, ile ya mich na dich. Haikuwa na upande wa mir na dir. Kwa hiyo aliyetaka kusema "amejinunulia" alisema "amemnunulia", na hata Martin Luther, ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1534, aliandika hivyo. Baadaye sich ikapanuka ikachukua nafasi zote mbili, lakini Mbavaria hakuona sababu. Er kafft eahm a Bier, anasema, anamnunulia bia. Nani? Pengine nafsi yake, pengine rafiki yake aliyekaa pembeni, na njia ya kujua ni kungojea bia ifike mezani. Kwa Kiswahili shaka hiyo haiwezi kutokea: amejinunulia ni yeye, amemnunulia ni mwingine, na anayesingizia kuwa hakuelewa anatafuta sababu ya kunywa bure.

Hata heshima inapita njia hiyo. Kitabu kinafundisha setzen Sie sich, tafadhali kaa kitako. Mzee wa Munich anaweza kukwambia setzen S' Eahna. Papasi aliyesikia hivi kwa mgeni wake wa kudumu akarudia mbele ya mgeni wa Hannover ataulizwa kwa mshangao Kijerumani chake amekitoa wapi. Hakukosea. Amesema lahaja.

Kilichonivuta kuandika sura hii ni kile kinachosikika Wien na sehemu za Bavaria, na pia hapa na pale katikati ya Ujerumani: wir treffen sich. Sisi tunakutana, lakini badala ya uns imewekwa sich. Mwalimu wa Kijerumani akisikia hivyo hukunja uso kama aliyeuma ndimu. Lakini mtazame msemaji anafanya nini. Ameiona sich iko kwa yeye, iko kwa wao, iko kwa Sie ya heshima, akaivuta na kwa sisi. Bado hatua chache afike kwenye mfumo wa Kikwajuni.

Kuna waliofika. Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ni ndugu wa Kijerumani aliyekulia miongoni mwa Waslavi, na Waslavi kama Wapoland wana kineno kimoja cha kujirejea kwa nafsi zote. Kiyidishi kikafanya vivyo hivyo. Ikh vash zikh, du vashst zikh, mir vashn zikh: mimi, wewe, sisi, zikh ni ile ile. Mswahili akikisoma kwa mara ya kwanza hujisikia yuko nyumbani. Na huko nyumbani ndugu ni wengi, kwani lugha za Kibantu karibu zote zina kiambishi kimoja kwa watu wote, Wazulu wakisema -zi-, Wakikuyu -ĩ-, wasemaji wa Lingala -mi-. Kwa hiyo anayesema kwamba wir treffen sich ni uvivu wa akili atakuwa amewatukana watu wengi kwa mkupuo mmoja.

Nani basi aliyeamua kuwa uns ni sahihi na sich ni kosa? Kijerumani cha vitabuni kilitokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya ofisi za watawala wa upande wa Saksonia, eneo la Luther, kikasambazwa na wapiga chapa na makasisi. Leo lafudhi ya Wasaksoni ndiyo inayochekwa kuliko zote Ujerumani, na hakuna anayewarudishia shukurani. Sisi wa Unguja tumebahatika zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, na usemi wa mjini, wa watu wa mitaa kama hii, ukawa kipimo cha kusahihishia mitihani Tabora na Kisumu. Aliyepata hasara ni Mmakunduchi na Mtumbatu, ambao lahaja zao ziko kisiwa kimoja au bahari moja nasi, na ambao wakifika Darajani hubadilisha ulimi kabla hawajauliza bei ya papa. Mtoto wa Tumbatu na mtoto wa Wien wangeelewana sana kwa jambo hili.

*

Ugumu mkubwa lakini hauko kwenye umbo. Uko kwenye kujua ni vitenzi gani vinavyotaka kujirejea, na hapo lugha mbili hizi hazikubaliani hata kidogo. Mjerumani hujifurahi, hujikumbuka, hujiona haya, hujikosea, hujiharakisha. Sich freuen, sich erinnern, sich schämen, sich irren, sich beeilen. Hata akishikwa na mafua, amejitia baridi mwenyewe: ich habe mich erkältet. Kwetu mafua ndiyo yanayoshika, homa ndiyo inayopanda, na mtu yuko pale kitandani hana kosa. Sitaki mtu aondoke na falsafa kubwa hapa, eti Mjerumani anawajibika na sisi tunasingizia mafua. Mjerumani akisema mich erkältet hafikirii mich zaidi ya sisi tunavyofikiria ma- ya mafua. Ni mazoea.

Upande wa pili, mambo ambayo yeye anahitaji sich sisi tumeyazaa yakiwa kamili. Kukoga, kunawa, kuvaa, kukaa, kunyoa ndevu havidai -ji- yoyote. Anayenawa ananawa yeye. Kuosha ni kwa vyombo na maiti, kwa hiyo mgeni anayetangaza asubuhi kuwa "nimejiosha" ataeleweka, ila wenyeji watamtazama mara mbili.

Na kuna -ji- ambazo si -ji-. Kujitahidi imetoka kwenye Kiarabu, ijtahada, na ile ji ya mwanzo ni ya Waarabu, haihusiani na ya kwetu. Lakini masikio ya Waswahili yalikuwa yamezoea kujikaza na kujituma, yakasikia yanachokijua. Sasa mwanafunzi amejitahidi, na hakuna anayeweza kumtahidi.

Ukikaa barazani jioni ukasikiliza -ji- inavyotumika utaona jambo ambalo sarufi haikwambii. Yule anajiona. Yule anajisikia. Kajidai, kajitia, kajifanya, kajipendekeza, kajikweza. "Siku hizi wajiona, hata salamu hutoi!" Hakuna anayeuliza kajiona nini, kioo au vipi, kitenzi kimejitosheleza na hukumu imeshatoka. Zipo za sifa, kujisitiri na kujitegemea, hii ya pili ikiwa imepewa cheo cha siasa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Lakini kwa mazungumzo ya mtaani, mtu anayejielekezea tendo mwenyewe huanza akiwa mshitakiwa. Sich haina jicho hilo la jirani. Er fühlt sich gut, anajisikia vizuri, ni habari ya afya tu, na kijana wetu anayetafsiri moja kwa moja huweza kumsengenya mgeni bila kukusudia kwa kuacha tu lile neno "vizuri".

Wageni nao hulipa. TAKILUKI, chuo ambako kwa miaka mingi walifundishwa Kiswahili, kilikuwa Vuga, mwendo mfupi kutoka Kikwajuni, na mwanafunzi mzuri alitumwa mtaani akazungumze na watu. Kwao Ujerumani mwenye nyumba humkaribisha mgeni mezani kwa kusema bedienen Sie sich, na mgeni huchukua sahani akajipakulia. Ni adabu nzuri kabisa, na kamusi inasema bedienen ni kuhudumia au kusaidia. Basi Mjerumani wetu kaalikwa chakula cha mchana, pilau imeshuka, anaambiwa "karibu, usione haya, tukupakulie?" Naye kwa upole wote, asije akamsumbua mama mwenye nyumba, anajibu kwamba wasihangaike, atajisaidia mwenyewe hapo hapo. Watoto ndio wa kwanza kuangua kicheko. Mama atamsogezea sahani na upawa, na kwa tahadhari atamwelekeza na mlango wa choo ulipo.